Mke amefariki, kazi imeisha, barazani hakuna mtu: nifanye nini?

Dada mshauri, asalaam aleikum.

Mimi ni mzee wa miaka 63, mkazi wa Mikindani, Mtwara. Nilikuwa fundi mitambo serikalini. Nimefanya kazi Masasi, Newala na Nachingwea mpaka nikastaafu kwa umri nilipofika 60. Tukarudi nyumbani na mke wangu tukiwa na mipango yetu: mikorosho tuliyoachiwa na wazee kule Naliendele, mbuzi wachache, na wajukuu wakija likizo. Mwaka juzi akaugua, hakuchukua muda, akatangulia mbele ya haki.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa ndani. Wakati wa msiba nyumba ilijaa, hata pa kuweka mguu hapakuwepo. Arobaini ilipopita kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Ndiyo dunia, simlaumu mtu. Asubuhi naswali, nachemsha chai, nafungua redio. Baada ya hapo sina la kufanya mpaka adhuhuri. Msikitini tunasalimiana, tunatoka, kila mtu anashika njia yake. Zamani kwa jirani yangu palikuwa na baraza, kuna bao na kahawa, jioni watu wanagombania nafasi ya kukaa. Wengine wamefariki, wengine wamefuata watoto Dar es Salaam, waliobaki wanakwenda kuangalia mpira kwenye kibanda umiza, na mimi zile kelele siziwezi. Mmoja aliyekuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana tulikosana kwa maneno ya uchaguzi. Mpaka leo tukikutana kila mtu anatazama pembeni.

Kupika najipikia, lakini nikisonga ugali nusu unalala. Vidonge vya presha kuna siku nasahau. Saa mbili usiku niko kitandani nimechoka na sijafanya kazi yoyote. Saa nane naamka, macho makavu mpaka alfajiri. Na katika saa hizo, dada, huwa najiambia bora nimfuate mama watoto nikapumzike. Hili sijamwambia mtu.

Ndugu zangu wao ni "oa, oa, mwanaume hakai peke yake". Wameshaniletea mpaka jina. Moyo wangu haujafika huko, na naona si haki kumwoa mtu ili anipikie tu. Binti yangu mkubwa yuko Mbagala, anataka niuze mbuzi nihamie kwake. Nyumba yake ina vyumba viwili na watoto watatu.

Hivi karibuni huyo binti alinitumia video kwenye simu. Wazee wa Australia wako ndani ya banda, huyu anaranda mbao, yule anatengeneza baiskeli, wanakunywa chai na kucheka. Akaniambia ni mabanda ya wanaume, yamewekwa makusudi ili wasiishi na upweke. Video ile nimeirudia mara nyingi. Mimi vifaa vyangu vyote ninavyo, spana, jiriwa, mashine ya kuchomelea, viko kwenye banda la uani vimefunikwa turubai. Nikajiuliza, kitu kama hiki Mikindani kinawezekana, au ni mambo ya Wazungu wenye pensheni nono? Nikiwaita wenzangu kwamba njooni tuondoe upweke, si nitachekwa mji mzima? Mwanaume mzima kusema ana upweke! Hata kuliandika hapa mkono umekuwa mzito.

Nisaidie dada yangu.

Mzee wa Mikindani

*

Waaleikum salaam kaka yangu, na shikamoo. Pole sana kwa kuondokewa na mwenzio. Mwaka juzi ni juzi tu kwa mtu aliyeishi na mkewe miaka yote hiyo, kwa hiyo asikuharakishe mtu.

Banda tutalifikia. Kwanza zile saa za usiku. Aliyefiwa kutamani kumfuata marehemu ni jambo linalowapata wengi, na wengi linawapita. Lakini wewe umeniandikia zaidi ya hilo: unaamka saa nane na hulali tena, chakula hakipiti, unachoka bila kazi, na fikra ya kufa inarudi. Vikikaa pamoja hivyo, daktari anatakiwa avisikie. Huenda ni sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika kama unavyotibiwa presha. Nenda Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu, wiki hii. Ukifika usijifiche nyuma ya presha, ukapimwa na kurudi na vidonge vilevile. Mwambie daktari maneno uliyoniambia mimi: "Tangu mke wangu afariki sipati usingizi, na usiku nafikiria kufa." Akisikia hivyo atajua akupeleke kwa nani, maana hospitali za rufaa za mikoa zina watu wa afya ya akili. Ikitokea usiku mmoja fikra hiyo ikaja na mpango, usingoje kupambazuke. Gonga mlango wa jirani, usiku huohuo. Kama nyumbani kuna dawa za shambani, zihamie kwa ndugu yako kwa sasa. Na binti yako aambiwe. Ataumia kulisikia, lakini atakuwa na la kukusaidia, na sasa hivi hana kwa sababu hajui.

Sasa tuje kwenye upweke.

Nimesoma barua yako nikaona kuna jambo hukulitaja. Marehemu alikuwa mkeo, na tena ndiye aliyekuwa amekushikia watu wote. Kwa kina baba wengi wa kwetu ndivyo ilivyo. Mke ndiye anayejua nani kajifungua, nani kalazwa, harusi ya nani imekaribia na mchango ni kiasi gani. Mume anaambiwa tu, "Baba fulani, kesho kuna hitima kwa kina fulani," anakuta kanzu imepigwa pasi, anatoka. Siku mke anapoondoka, zile habari zote zinakatika. Watu hawajamchukia mjane wa kiume. Ni kwamba hakuna tena wa kumpelekea habari wala wa kuzileta.

Mwangalie mwanamke wa Mtwara akifiwa. Ana wenzake wa vikoba, ana wenzake wa ngoma na wa shughuli za unyago, ana makungwi waliomlea. Wanaingia mpaka jikoni, wanamsukuma kando, wanaosha vyombo, wanamlisha. Hakuna anayemwuliza kama ana upweke. Mwanaume yeye alipewa kazi na baraza. Kazi serikali inaichukua ukifika 60. Baraza nalo linapungua mtu mmoja mmoja, mpaka jioni moja unakuta mkeka haukutandikwa. Hata halmashauri zetu hazijamfikiria: ile mikopo ya asilimia kumi imewekwa kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Sisemi wapunguziwe, wanastahili, na ningependa wapate zaidi. Nasema mwanaume wa miaka 63 mwenye nguvu zake na ujuzi wake hakuna mlango ulioandikwa jina lake, na jambo hili linaniuma.

Kuhusu aibu, sikiliza. Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anaishi na upweke, na kwamba vifo takriban 871,000 kila mwaka vinahusishwa nao. Upweke unaongeza hatari ya kiharusi, maradhi ya moyo, kisukari na sonona. Wewe una presha tayari. Kwa hiyo ulichoniandikia ni habari ya afya, sawa na mtu anayesema kifua kinambana.

Yale mabanda uliyoyaona yana historia fupi. Mwaka 1993, katika mji wa Goolwa, Australia Kusini, mwanamke aitwaye Maxine Chaseling alikuwa akihudumia wazee katika kituo chao. Aliona kina mama wana shughuli tele na kina baba wamekaa tu, ndipo pakafunguliwa banda la kazi kwa ajili yao. Mwaka 1998, Tongala katika jimbo la Victoria, likafunguliwa banda la kwanza kuitwa rasmi banda la wanaume. Leo Australia peke yake ina mabanda zaidi ya elfu moja, na Ireland na Uingereza nako yameenea. Kauli yao kubwa ni kwamba wanaume hawaongei wakiwa uso kwa uso, wanaongea wakiwa bega kwa bega. Mweke mwanaume kwenye kiti, mtazame machoni, mwulize "unajisikiaje", atakujibu "salama" hata kama nyumba inaungua. Mpe msasa na ubao, mwache apige msasa huku na wewe unapiga wako. Baada ya saa nzima, bila kuinua kichwa, atakwambia mwanawe hajapiga simu tangu Idi.

Unauliza kama ni mambo ya Wazungu. Kaka, wewe ni mtu wa Mtwara! Wachongaji wa Kimakonde, waliotoka Newala na ng'ambo ya Ruvuma wakahamia Dar es Salaam, mpaka leo ukienda Mwenge utawakuta wamekaa chini pamoja, kila mtu na gogo lake la mpingo katikati ya miguu, tezo zinagonga, maneno yanakwenda. Nenda pwani kwenye mashua inayotiwa kalafati. Mmoja anashindilia pamba kwenye nyufa, watatu wamekaa kwenye mchanga wanamsimamia kwa mdomo, na hao watatu hawana upweke. Wanaume wa kwetu siku zote wameongea kazini. Walichofanya Waaustralia ni kuliweka jambo hilo chini ya paa na kulipangia siku, kwa sababu kwao lilikuwa limekufa. Kwetu nako linaanza kufa, barua yako ndiyo ushahidi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: usiwaite watu kuja kuondoa upweke. Hapo utachekwa kweli, na hata wanaouhitaji watajificha. Waite kwenye kazi. Usizindue kitu, usichapishe katiba, usiende kusajili kikundi. Toa turubai, fungua banda, anza kutengeneza kitu ambacho watu wanakihitaji, mlango ukiwa wazi.

Na kazi unayo mlangoni. Wewe ni fundi mitambo na umezungukwa na mikorosho. Kila mwaka, kuanzia Mei au Juni, watu wanazitoa stoo zile mashine za mgongoni za kupulizia salfa, wauwahi ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, kabla haujala maua. Nusu yake haziwaki. Unajua kwa nini kuliko mimi: ziliwekwa na petroli ndani ya tangi, petroli imekauka ikaacha gundi, jeti ya kabureta imeziba, plagi imejaa masizi. Mkulima anavuta kamba mpaka bega linauma, anasema mashine imekufa, anakwenda kukodi kwa bei ya kuumiza. Kumbe ni kazi ya kufungua kabureta, kuiosha, kuipuliza na kurudisha gasketi vizuri. Anza na yako mwenyewe, maana na wewe una mikorosho. Siku ya pili mwambie jirani mmoja alete yake, ila akae na wewe akushikie bisibisi. Hilo la kukaa ndilo sharti. Mtu asiache mashine akaondoka kama anayepeleka nguo kwa dobi.

Chagua siku moja kwa wiki, isibadilike. Jumamosi baada ya chai ya asubuhi mpaka adhuhuri inatosha, mkitoka hapo mnakwenda kuswali pamoja, na hapo mtakuwa mmeshaongea. Weka birika la kahawa, na kila mtu kwa zamu yake alete kashata au mihogo. Pombe isiingie. Msimu wa mabibo uraka unapatikana kila kona, na mwenye upweke uraka unamwita kwa jina, kwa hiyo sheria hiyo iwekwe tangu siku ya kwanza na isiwe na mjadala. Petroli ikae nje, mbali na mashine ya kuchomelea. Mwenyekiti wa mtaa apewe taarifa kwa mdomo, asije akashtuka siku anasikia kelele.

Fedha ndizo huvunja mambo haya, kaka, kuliko kitu kingine chochote. Ukianza kutoza ufundi, itakuwa gereji yako, wao wateja, na mgeni mwingine ataondoka akisema mzee anatutumia. Ukianza kukusanya akiba, utaunda kikundi cha mkopo, na mkopo wa kwanza usiolipwa utamfukuza mtu aliyehitaji kuja kuliko wote. Mwenye mashine anunue kipuri chake. Weka kopo, anayeweza atie chochote cha sukari na msasa. Yakitokea ya faida huko mbele, wenye nayo wakayafanyie kwingine.

Na mashine za salfa zikiisha? Sidhani kama kuna shule ya msingi isiyo na madawati yaliyovunjika mguu. Msikiti wenu una milango, una mabomba, una jeneza linalohitaji kukazwa misumari. Ongea na mwalimu mkuu, mbao za madawati mabovu matatu zinatoa madawati mazima mawili. Kazi ya namna hii ina faida ambayo ile ya mtu binafsi haina: mstaafu aliyezoea kuitwa "fundi" anarudi kuitwa fundi, tena na watoto wa shule.

Waite na vijana. Mwenye bodaboda iliyokorofisha aje, kijana aliyetoka VETA na hajapata kazi aje. Usiwape hotuba za "enzi zetu". Wape spana. Vijana wa kiume nao wamelemewa, wana madeni ya pikipiki na hawana wa kumwambia, na kuna mambo kijana hawezi kumweleza baba yake lakini atamweleza mzee mwingine wakati wanahangaika na boliti iliyoganda.

Siku mtu atakapofungua mdomo akasema jambo zito, wewe usimkimbilie na aya wala methali. Usimwambie "jikaze". Mwulize tu, "Tangu lini?" Halafu nyamaza, endelea na kazi, msikilize. Likiwa kubwa kuliko uwezo wenu, mmoja ampeleke Ligula, amsindikize mpaka ndani. Wewe utakuwa unaijua njia. Kisha kuna jambo ambalo nakuomba ulishike hata kama mengine yote yatakushinda: mtu asiyeonekana wiki mbili afuatwe nyumbani. Asipigiwe simu, afuatwe. Atasema yupo salama tu, shughuli zilimbana. Kaeni naye hivyohivyo.

Yule rafiki mliyekosana kwa uchaguzi, sikushauri uende kumwomba kikao cha suluhu. Ninyi wanaume vikao vya suluhu huwa mnavigeuza kesi, na kila mtu atakuja na mashahidi wake. Je, ana mashine? Ana baiskeli? Mtumie mtoto amwambie kwamba Jumamosi unafungua kabureta na unahitaji mtu wa kushika upande wa pili. Kama bado anakupenda atakuja akiwa amenuna, atashika, na siasa mtaziacha nje ya banda. Asipokuja, umemtumia salamu, na anajua mlango ulipo.

Kuhusu kuoa, naungana na moyo wako. Ndoa ni ya heri na mlango haujafungwa, lakini ukioa leo ili mtu akae ndani na huzuni yako, utamtwisha mwanamke wa watu mzigo ambao hakuuona wakati wa posa. Waambie ndugu zako kwa upole kwamba umewasikia, na kwamba ukiwa tayari wao ndio watakaotangulia kujua. Wakirudia, rudia maneno hayohayo. Nguvu zao wape kazi nyingine: waambie kila siku mmoja wao apite kula na wewe chakula cha mchana, kwa zamu. Ugali hautalala, na kidonge cha presha utakimeza mbele ya mtu.

Mbagala usihamie sasa. Mtu aliye kwenye huzuni asiuze mbuzi wala asifunge nyumba, na wewe ukikaa chumba kimoja na wajukuu kwenye mji usiokuwa na mtu unayemjua nje ya mlango, utakuwa mpweke katikati ya watu sita. Lakini kwenda kutembea nenda, kwa tarehe ya kwenda na tarehe ya kurudi, baada ya kuonana na daktari. Basi ni la siku moja tu tangu Daraja la Mkapa lilipotuvusha Rufiji. Mwambie binti yako akusindikize Kariakoo ununue plagi, jeti na gasketi za zile mashine. Chukua na za ziada, Mei haiko mbali.